Jina la Mwenyeji

Simu ya Mama Felicitas ililia kabla chai haijachemka. Macho yake siku hizi yalikuwa yanaona vizuri zaidi mkungu wa ndizi ulioiva ng'ambo ya kibanja kuliko herufi zilizo kiganjani, kwa hiyo akaingia jikoni, akamnyooshea mke wa mwanawe ile simu.

"Nisomee, mukamwana. Labda ni habari za kahawa."

Elieth alijifuta mikono kwenye kanga, akatazama kioo cha simu, akanyamaza. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Ulisema: ndugu mkulima, kahawa yako imepokelewa, imeandikwa kwa jina la, na baada ya hapo lilifuata neno ambalo Elieth hajawahi kulitamka tangu aolewe katika nyumba hiyo ya Kitendaguro, Bukoba.

"Mbona kimya? Simu imekufa?"

"Hapana, mama. Wanasema kahawa imepokelewa."

"Sasa ndiyo unatoa macho hivyo? Ingekataliwa je?"

Elieth akakifuta kioo kwa ncha ya kanga. Jina lililokuwa kwenye kioo lilikuwa la baba mkwe wake, na katika nyumba ile mukamwana, mke wa mtoto, hataji jina la baba mkwe hata kama paa linaungua. Atasema tatazara, yaani baba mkwe, atasema mzee, atasema yule wa sebuleni, na watu wataelewa. Wako wanawake mtaani hapo ambao wakwe zao walipewa majina ya mvua au ya jembe, basi nao wameitafutia mvua jina jingine na jembe jina jingine, na maisha yanakwenda. Mama Felicitas alilisema sharti hilo siku ya kwanza Elieth alipovuka kizingiti, hata maji ya kunywa hajapewa. Tangu siku hiyo halikurudiwa, maana halikuwa sharti la kurudiwa.

Philbert akatoka chumbani shati halijafungwa vifungo, simu sikioni. Alikuwa mwalimu wa sekondari huko Kahororo, mtu wa kuwahi kengele, na asubuhi ile kengele ilikuwa imeshampita.

"Elieth, mmefanya nini huko ofisini kwenu? Baba mdogo anapiga kutoka Muleba. Anasema kila mtu amepata ujumbe, na kila mtu kahawa yake imeandikwa jina la baba. Muleba nzima! Wanasema mzee amewala."

Sebuleni mzee akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Miongoni mwa watu wote waliokuwa chini ya paa lile, Elieth peke yake alijua jina lile limepitia wapi.

* * *

Elieth ndiye aliyekuwa mtunza mitambo ya chama cha wakulima wa kahawa, pale Muleba mjini. Katika chumba chenye feni kulikuwa na kompyuta moja kubwa, seva, na ndani ya hiyo moja mna kompyuta nyingine usizoweza kuzishika kwa mkono, za kuigiza tu: moja ya mizani, moja ya stakabadhi, moja ya kutuma ujumbe. Mafundi huiita ile kubwa mwenyeji, na hizi za ndani huziita wageni. Kila zikiwashwa husoma faili za maelekezo ziitwazo violezo, zenye nafasi za kujazwa, hapa jina, hapa anwani, ili kila moja ijijue ni nani na inakaa kwa nani.

Sasa kila nafasi ya kujaza nayo ina jina lake, na hapo ndipo kisa kilipoanzia. Lukmani, fundi wa mjini Bukoba aliyeifunga mitambo ile, alimwonya Elieth kwa utani wake usioisha. "Bi Elieth, kila nafasi iandike ni ya nani. Hii jina la mwenyeji, hii jina la mgeni. Hivi violezo vya wageni ni vya zamani, nafasi yao imeandikwa 'jina' basi, haina mwenyewe. Nikipata wasaa nitavirekebisha. Wewe usije ukaniongezea 'jina' jingine tupu, watagombania kitanda kimoja." Elieth alicheka, akasema amesikia. Kusikia alisikia kweli.

Kisha mkutano mkuu ukaamua kumuenzi mwasisi wa chama. Mzee Rutaihwa, baba mkwe wake Elieth, ndiye aliyezunguka vijiji kwa miguu akiwakusanya wakulima, zamani wakati kila mmoja anauza peke yake kwa mlanguzi. Sasa miguu imemwisha, basi ile mashine kubwa inayobeba wenzake iitwe kwa jina lake. Watu wakapiga makofi. Elieth naye akapiga makofi, akarudi mezani kwake, akaweka vidole juu ya vitufe, vidole vikagoma.

Angemwambia nani? Msomi mzima mwenye shahada anaogopa kuandika jina? Wangemcheka. Na kuliandika je, wakati kila herufi aliona kama anapiga kelele sebuleni kwa mzee? Akaona aibu huku na aibu kule, akatafuta njia ya katikati, na njia ya katikati ndiyo iliyojaa matope. Badala ya kuliandika jina kila mahali lilipotakiwa, alitengeneza faili moja ya pamoja inayosomwa kwanza na violezo vyote, akaweka humo nafasi moja ya kujazwa. Hata kuiandika kuwa ni nafasi ya jina la mwenyeji aliona kama anamnyooshea mzee kidole. Akaiita "jina". Halafu akamwita Dativa, karani, ambaye hakuolewa na mtoto wa mtu yeyote wa chama kile, amsaidie kujaza. Dativa akajaza, akaenda kunywa chai.

Siku zikapita salama, maana violezo havisomwi mpaka mashine ziwashwe upya. Juzi umeme ukakatika, betri ikaishiwa, na umeme uliporudi, kila mgeni akaamka, akatafuta jina lake kwenye faili ya pamoja akakuta lipo moja tu. Wa mizani akajiita Rutaihwa. Wa stakabadhi akajiita Rutaihwa, na pa kujaza jina la mkulima akajaza hilo hilo. Wa ujumbe naye, na kwa kuwa kazi yake ni kutangaza, akautangazia ulimwengu.

* * *

Elieth alipofika Muleba alikuta uani watu wamejaa, wengine wamekalia magunia ya kahawa ya maganda waliyokataa kuyapima. Aliwasalimia. Wachache waliitikia. Bibi mmoja, Joviana, mjane wa kibanja cha jirani na kile walichokuwa nacho wakwe wa Elieth huko Muleba, alimshika mkono kama anayempa pole.

"Hivi wewe si ndiye mukamwana wake?"

"Ndimi, bibi."

"Na wewe ndiye unayekaa na ile kompyuta?"

"Ndiyo."

"Ahaa," alisema Joviana, akauachia mkono. "Basi waitu," akaongeza, kwa lile neno la heshima la Kihaya, "sasa nimeelewa."

Wale waliokaa karibu wakatazamana. Elieth aliingia ndani bila kugeuka. Hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa akihofia jina la mzee; kumbe watu walishaunganisha jina la mzee na mkono wake, na kamba waliyoifunga ilikuwa inawatosha wote wawili.

Mwenyekiti Byarugaba alikuwa anazunguka ofisini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa mtu mpole siku za amani. "Kesho asubuhi nimewaitia mkutano," alisema. "Nitawaambia ni hitilafu ya mtandao. Mtandao kila mtu anaujua, haushtakiwi. Wewe kaa kimya, Elieth. Ukisimama ukasema ni mkono wako, watataka nikutoe, na mkataba wako bado wa majaribio. Sitaweza kukukinga."

"Na mzee je? Wataamini kwamba mtandao ndio uliomchagua yeye?"

"Mzee ni mtu mzima. Atavumilia. Maneno ya watu huchoka yenyewe."

Elieth alimpigia Lukmani. Fundi alikuwa Goziba kisiwani, juu ya mnara, akiwafungia wavuvi antena, na upepo wa ziwa ulikuwa unakula nusu ya maneno yake. Hata hivyo kicheko chake kilifika chote.

"Si nilisema watagombania kitanda! Sikiliza, dada. Ingia violezo vyote, kila nafasi iandike upya na mwenyewe wake. Mwenyeji jina, mwenyeji anwani. Mgeni wa mizani jina, mgeni wa ujumbe jina, mkulima jina. Usiache yatima. Halafu ndio ujaze."

"Kujaza nitamwita Dativa."

Upande wa pili upepo ukavuma kidogo. Lukmani alikuwa mtoto wa mjini, lakini amezaliwa na kukulia miongoni mwa Wahaya, akaelewa. Hakucheka safari hii. "Dativa ndiye mtunza mitambo? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, Bi Elieth. Jaza mwenyewe uone kwa macho yako kila jina linakaa wapi. Ukimwachia mtu mwingine, kesho utanipigia tena, na mimi kutoka huku ni mpaka boti ipatikane."

Akakaa. Akafungua kiolezo kimoja baada ya kingine, akaipa kila nafasi mwenyewe wake. Kazi ile ilimtuliza kwa muda, kama kuchambua maharage. Kisha akafika pale pa kujaza jina la mwenyeji. Alinyanyuka akafunga mlango, akarudi, akanyanyuka tena akafunga dirisha. Halafu akaandika herufi ya kwanza, na ya pili, akilaani umeme, akijilaani mwenyewe, mpaka jina likaisha. Dari haikuanguka. Aliwasha upya mitambo, na wageni wakaamka kila mmoja na jina lake. Kahawa ya kila mkulima ikarudi kwa mwenyewe, ikaonekana wazi kwenye kioo.

Lakini kioo kilikuwa ndani, na wakulima walikuwa nje. Alipowatumia ujumbe wa kusahihisha, uani ilisikika milio ya simu, kisha vicheko. "Wameshtuka!" mtu alisema. "Wameona tumejua, wanarudisha."

* * *

Jioni ile ilikuwa ya kukaa na kuinuka. Philbert aliketi akasimama, akaenda kumtazama mbuzi ambaye hakuwa na tatizo lolote. Mzee Rutaihwa alikuwa kwenye kigoda chake sebuleni, miguu iliyovimba ameinyoosha, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kando yake. Katika nyumba ile watu wa nyumbani hujichotea kahawa wenyewe. Mgeni ndiye anayepewa mkononi. Philbert alijichotea. Mama Felicitas alijichotea, kisha akahesabu punje chache akamtilia Elieth kiganjani, kama alivyomtilia siku alipoletwa, kama alivyomtilia miaka yote.

"Mwambie mukamwana," mzee alimwambia mkewe, ingawa Elieth alikuwa amepiga magoti hapo hapo karibu na mlango, "anieleze watu wanasema nini."

"Mzee anauliza watu wanasema nini."

Elieth akaeleza, macho chini. Alieleza habari za wageni na mwenyeji, nafasi ya kujaza, faili ya pamoja. Alipofika pale alipoogopa kuandika, aliiruka sababu.

"Kwa nini hakuandika?" mzee aliuliza.

"Anauliza kwa nini hukuandika."

"Ni kwa sababu ya heshima, mama."

Mzee alimaliza punje alizokuwa akitafuna. "Philbert, tafuta gari," mzee alisema. "Kesho nakwenda Muleba."

"Baba, na miguu hiyo?"

"Jina langu limekwenda bila miguu. Na mimi nitafika."

Jikoni Philbert alimfuata mkewe. "Mwenyekiti si amesema atawaambia ni mtandao? Acha basi uwe mtandao. Elieth, kazi hii ndiyo inayotuweka mjini. Ukijitia kitanzi mwenyewe, nani atakutoa?"

"Na baba yako abaki mwizi?"

"Mimi nitasimama nimtetee."

"Wewe ni mwanawe. Utasema nini wasichokitarajia?"

Philbert akaufunga mlango wa jikoni kwa kishindo, akaufungua tena. Mama Felicitas, aliyekuwa anamenya ndizi bila kuinua uso, ndiye aliyefunga mazungumzo. "Kama lazima useme, sema. Ila midomo yako iangalie. Sema mzee, sema mwasisi, sema unavyojua. Lile usilitaje. Mbele ya watu, na yeye amekaa pale? Ukilitaja utarudi kwenu ukalete jogoo wa kuomba radhi, na mimi sijui kama nitakufungulia mlango ukirudi naye."

* * *

Kesho yake, ukumbini Muleba, mzee alikaa mstari wa mbele, kofia magotini, Mama Felicitas na Philbert nyuma yake. Hakuna aliyekwenda kumpa mkono. Watu ambao zamani walikuwa wakigombania kumbebea mkongojo walijishughulisha na simu zao, na Elieth aliona mashavu ya mzee yakicheza kama anatafuna kitu kichungu. Hilo lilimuumiza kuliko lile la Joviana.

Byarugaba akasema habari za mtandao. Aliusema vizuri, kwa ishara za mikono, mpaka sauti moja nyuma ikauliza: "Mwenyekiti, huo mtandao umejuaje jina la ukoo wa mtu? Mbona haukuandika jina lako?" Wakacheka. Byarugaba akacheka nao, akajipangusa shingo, akasema basi tufunge mkutano kwa sala.

"Mwenyekiti, naomba kusema," alisema Elieth.

Byarugaba alimtazama kwa jicho la kumwambia kaa. Elieth hakukaa. Alisogea mpaka katikati ya ukumbi.

"Si mtandao. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeweka nafasi moja ya jina ambayo haikuandikwa ni ya nani, na mashine zote zikachukua jina moja. Mzee hakujua chochote. Tatazara hana hata..."

"Nani hakujua?" mtu aliuliza.

"Mzee. Mwasisi wetu."

"Waasisi walikuwa wengi! Wengine wamekufa!"

"Yule... baba wa mume wangu. Huyu aliyekaa hapa mbele."

"Anazungukazunguka," Joviana alisema kwa sauti ya masikitiko. "Mnaona? Mwenye kweli hazunguki. Mtu anaogopa mpaka kulitaja, mnadhani kwa nini?"

Pakawa na minong'ono, viti vikasogezwa, watu wa nyuma wakaanza kuondoka. Elieth akaona ukumbi unamponyoka. Ilimjia hasira, hasira safi, si kwa Joviana, bali kwa lile jina lenyewe, alivyolikwepa kwa heshima mpaka likaangukia topeni, na sasa analikwepa tena huku watu wanalikanyaga.

"Rutaihwa!" alisema.

Ilitoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Waliokuwa mlangoni wakageuka.

"Rutaihwa hakuchukua kahawa ya mtu. Mimi mukamwana wake ndiye niliyekosea, kwa sababu niliogopa kuliandika jina la Rutaihwa. Nimelitaja mbele yake, mnanisikia. Kama nasema uongo, linirudie."

Viti viliacha kusogezwa. Mama Felicitas alijifunika uso kwa kitenge. Wanawake wazee waliweka viganja midomoni, wote kwa pamoja, na mmoja akanong'ona jina la Bikira Maria. Mzee hakugeuka. Shingo yake tu ndiyo iliyonyooka.

Joviana ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alimtazama Elieth muda mrefu. Naye alikuwa amekaa miaka yote ya ndoa yake, na ya ujane wake, bila kulitamka jina la baba wa mumewe, na mpaka leo alikuwa anaomba mvua kwa jina la kupanga.

"Amelitaja," aliwaambia wenzake. "Na yeye mwenyewe amekaa hapo! Jamani, mwanamke hajilaani hivyo kwa ajili ya magunia. Huyu anasema kweli." Kisha akaenda mbele, akainama, akampa mzee mikono miwili. "Unisamehe, waitu."

Wengine wakafuata. Foleni ya kumpa mzee mkono ikawa ndefu kuliko ya mizani, na nje mtu akaanza kuburuta gunia lake kuelekea kwenye kupimwa.

Byarugaba alimsubiri Elieth karibu na chumba cha seva. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, jambo ambalo ni baya zaidi kwa mtu mwenye kutoa uamuzi. "Umesema mbele ya wote kwamba ni kosa lako," alisema. "Halmashauri ya chama imeshanifuata. Funguo mwachie Dativa."

Elieth alimpa Dativa funguo, akamwonyesha violezo, akamwambia kila nafasi aiandike ni ya nani. Dativa alikuwa analia. Yeye hakulia.

* * *

Walirudi Bukoba kwa gari lile lile. Mama Felicitas alitazama dirishani. Philbert aliendesha kwa mikono miwili, kama siku ya mtihani, na walipokaribia nyumbani alinyoosha mmoja akaugusa mkono wa mkewe, akaurudisha upesi kwenye usukani.

Elieth alijua la kufanya. Alipika, maana watu lazima wale, akaandaa ndizi na maharage. Kisha akakunja nguo zake chache za kwenda kwao kutafuta jogoo, akaziacha kitandani. Hakujutia. Aliogopa, lakini hakujutia, na alishangaa kuona mambo hayo mawili yanakaa pamoja moyoni bila kugombana.

Alipeleka chakula sebuleni, akakiweka, akapiga magoti karibu na mlango mahali pake. Mama Felicitas alikuwa amekaa mkabala na mumewe, uso umefungwa. Mzee alikula taratibu. Alinawa. Akavuta kikapu cha kahawa, akajichotea, na mama mkwe, kwa mazoea ya mkono tu, akakiinua kikapu ahesabu punje za kumpa Elieth.

"Mwambie mukamwana..." mzee alianza.

Mkewe akageuka kupokea ujumbe. Mzee akasita. Akatafuna kidogo, akatazama pale mlangoni, moja kwa moja, kwa macho mekundu ya mtu aliyepewa mikono na watu wengi siku moja.

"Basi. Usimwambie," alisema. "Weka kikapu chini."

Mama Felicitas akamkodolea macho mumewe. Halafu, polepole, akakiweka kikapu katikati ya sakafu.

"Elieth," mzee akaita.

Hakuwahi kumwita hivyo. Elieth hakujua hata kama mzee alikuwa analijua jina hilo.

"Abee, baba."

"Kahawa hiyo. Jichotee."